Mwisho Usio na Mshindo

Tulipokuwa tukisoma na wanafunzi wetu hapa Ibanda, chini ya Milima ya Rwenzori, tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), walinung'unika tulipofika mwisho. Vita vya Majimaji vimeshindwa. Bunduki hazisikiki tena. Wafungwa wawili wanazungumza tu. Kitunda anamtaka mwenziwe akiri kuwa maji yalikuwa uongo. Kinjeketile anakataa, kwani akikiri, watoto watafundishwa kuwa kupigania nchi kulikuwa kosa.

Nasi kwa miaka mingi tuliupita ukurasa ule mbio, kana kwamba mchezo umekwisha vitani. Siku hiyo msichana mmoja akasema kuwa babu yake alishuka mlimani mwaka 1982, vita vya Rwenzururu vilipomalizwa kwa mazungumzo. Mzee huyo hasimulii risasi, husimulia yaliyosemwa.

Darasa likanyamaza, nasi tukaona kosa letu. Wapiganaji walikwisha kupoteza maisha. Lililobaki kupotea ni maana ya kufa kwao, na hilo huamuliwa kwa maneno. Ndugu walimu, ukurasa wa mwisho usomwe polepole.