Miguu ya Karani

Leo twaomba ruhusa ya kusema habari za miguu yetu. Huenda wengine watacheka, lakini twajua ya kuwa makarani wengi, na walimu wanaosahihisha madaftari mpaka usiku, watatambua shida yao humu.

Miaka kumi na minane sasa tumefanya kazi ya biro mjini Bukavu. Tunaketi asubuhi mbele ya kompyuta na makaratasi, twaondoka saa sita kula kidogo, kisha twaketi tena. Hatukuona neno baya. Kuketi si kubeba mizigo, nasi tulimshukuru Mungu kwa kazi isiyochosha mwili.

Basi mwaka juzi, mwezi wa Septemba, mvua za kwanza zilipoanza, tulipanda mlimani kwetu kumsaidia Mama kupanda maharage. Mama amepita miaka sabini. Yeye huinama kama wanawake wote wa kwetu: magoti yamenyoka karibu kabisa, mgongo umenyoka kama ubao, mwili wakunjika nyongani tu. Hivyo hulima tangu alfajiri mpaka jua kali. Sisi tulipoinama, nyuma ya mapaja pakakaza kama kamba ya mbuzi anayetaka kukimbia. Mapaja yalipokataa, mgongo ukajikunja badala yake, ukaanza kuuma, na kabla ya kumaliza mstari wa pili tukaketi chini.

«Mwanangu,» akasema Mama, «umekuwa mzee kabla yangu?»

Watoto wetu wakacheka. Sisi hatukucheka, maana Mama hana mwingine wa kumlimia, na wakati wa kupanda haumngoji mtu.

Tuliporudi mjini tukafanya upumbavu. Usiku, mlango umefungwa, tukaweka kisigino juu ya meza, tukashika vidole vya mguu na kuvuta kwa nguvu, tukijitupa mbele na nyuma kama mtu anayeng'oa kisiki. Siku ya tatu tukasikia kitu kinapasuka ndani ya paja la kuume. Majuma matatu tulichechemea, na kazini tukasema tumeteleza katika matope. (Uongo huo tumekwisha kuutubu.)

Hapo ndipo tulipokwenda kwa mama mmoja ambaye kazi yake hospitalini ni kunyosha viungo vya wagonjwa. Alitusikiliza, akatikisa kichwa, akasema: «Baba, uliupiga msuli vita, nao ukajitetea.»

Akatufundisha ya kuwa nyuma ya kila paja kuna misuli mitatu. Inaanzia kwenye mfupa ule tunaoukalia, inateremka nyuma ya paja, inavuka goti, na kushikamana na mifupa miwili ya mguu chini ya goti. Kwa hiyo inatumikia viungo viwili, nyonga na goti. Mtu akiketi na magoti yamekunjwa, misuli hiyo imelegea upande wa goti. Tangu asubuhi mpaka jioni hakuna anayeiita ifike mwisho wa urefu wake.

Tulidhani imefupika kama ngozi iliyoanikwa juani. Kumbe mara nyingi sivyo. Katika majuma ya kwanza ya mazoezi, kinachogeuka zaidi si urefu wa msuli, bali uvumilivu wa mwili: unazoea kuvutwa pasipo kuogopa. Ndiyo sababu nguvu zetu za usiku hazikufaa kitu.

Njia aliyotupa ni ndogo mno, hata tuliona haya kuitwa wagonjwa. Weka kisigino juu ya kigoda kifupi, goti limenyoka bila kulazimishwa. Acha mgongo ulivyo, usiupinde. Peleka kifua mbele kwa kukunja nyonga, mpaka uone mvuto usio maumivu. Kaa hapo nusu dakika, ukipumua taratibu, kisha badili mguu. Katika mwaka 1994 wataalamu wa Marekani waliwapima watu waliofanya hivi siku tano kwa juma, muda wa majuma sita: waliokaa sekunde 30 walifaidika kuliko waliokaa 15, na waliokaa 60 hawakuwapita wale wa 30. Habari hiyo ilitupendeza sana, maana karani hana saa nyingi.

Baada ya hayo akaongeza zoezi la nguvu. Simama, kunja magoti kidogo, sukuma matako nyuma kama mtu anayefunga mlango kwa makalio huku mikono imejaa vitu. Teremka polepole, kisha inuka. Tulianza mikono mitupu. Leo twashika kidumu cha maji cha lita tano. Tena akatuagiza tusimame kazini kila nusu saa, ijapokuwa ni kwenda dirishani tu.

Alituonya jambo moja, nasi twalirudia kwenu. Kama mvuto wateremka mpaka wayoni kwa moto au ganzi, huenda si msuli bali mshipa wa fahamu: acha kuvuta, mwone daktari. Na kama ganzi imeshika mapajani kwa ndani, au mkojo hauzuiliki au hautoki, nenda hospitali siku ile ile.

Majuma sita yakapita, na sita mengine. Vidole vyetu havijafika chini, na labda havitafika kamwe. Vyashika vifundo vya miguu. Septemba iliyofuata tulipanda mistari saba kabla ya kupumzika. Mama alipita nyuma yetu akifukia mbegu, akatuambia ya kuwa tumezitupa karibu karibu mno.