USIMHAMISHE TENA



Mwaka jana niliwatembelea washirika wetu waliohamia Marekani. Sebuleni kwao nikakuta tangi la maji ya chumvi, na ndani yake matumbawe hai. Kijana wao wa miaka 16 ndiye anayelitunza, na ilikuwa mara yake ya kwanza.

Lakini tumbawe moja lilikuwa limepauka, jeupe kama mfupa. Vidole vyake laini, vinavyopaswa kucheza na maji, vilikuwa vimejikunja ndani. Nikamwambia, "Hili limekufa, litupe." Akanijibu, "Hapana, Pasta, bado liko hai."

Akanieleza. Tumbawe ni mnyama, si jiwe. Ndani ya mwili wake huishi mwani mdogo sana, nao humpa rangi na sehemu kubwa ya chakula chake. Likisumbuka, mwani huo hutoka. Nyama hubaki bila rangi, na unaona mfupa kupitia ndani yake. Linakaa na njaa, lakini halijafa. (Wapwani mnakumbuka mwaka 1998, bahari ilipopata joto na matumbawe yetu yakapauka vivyo hivyo.)

Kosa lilikuwa nini? Mtu wa Mungu, sikiliza hapa.

Kijana alikuwa amewasha taa mpya kwa nguvu zote tangu siku ya kwanza. Maji yalipopungua kwa kukauka, aliongeza maji ya chumvi, na kumbe chumvi haikauki, hubaki. Ikazidi. Alipoona tumbawe linanyauka, akaogopa. Leo alihamishia kona hii, kesho ile. Akaongeza dawa. Akaongeza chakula, kikaoza na kuchafua maji. Kila alichofanya alikifanya kwa upendo, na kila kimoja kilizidisha shida.

Dawa ikawa nini? Alipunguza mwanga. Akaliteremsha chini penye kivuli na mkondo mpole, akaliacha hapo hapo. Akajazia maji yasiyo na chumvi, kidogo kidogo kwa siku kadhaa, maana hata kurekebisha kwa ghafla huumiza. Joto akaliweka pale pale, nyuzi 25 hivi, usiku na mchana. Kisha akangoja.

Usiku ule sikulala. Nilimkumbuka dada mmoja wa kanisa letu. (Ameniruhusu kuandika haya bila jina.)

Alipofiwa na mume wake, tulimpenda sana. Mwezi haujaisha, nikamsimamisha madhabahuni atoe ushuhuda. Tukamweka kwenye kamati ya akina mama, "asikae na mawazo". Tukamwita kwenye kesha. Kila mtu alikuja na mstari wake. Akaacha kuja kanisani. Na mimi, mchungaji wake, nikasema mbele ya wazee kwamba amepoa kiroho.

Hakuwa amepoa. Ni mimi niliyewasha taa kwa nguvu zote.

Soma 1 Wafalme 19. Eliya alichoka hata akaomba kufa. Mungu hakumtumia mhubiri. Alimtuma malaika na mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, chakula tena. Swali la Mungu lilikuja baadaye, kule Horebu, baada ya safari ya siku 40. Chakula na usingizi vilitangulia mahubiri!

Niliporudi, mimi na mama mchungaji tulikwenda kwake. Nikamwomba msamaha. Tukanywa chai. Tukaomba kwa ufupi, tukaondoka. Wiki iliyofuata tukarudi, vivyo hivyo. Sikumuuliza atarudi lini.

Baada ya miezi michache kijana alinitumia picha. Tumbawe limeanza kupata rangi ya kahawia, na vidole viwili vitatu vimetoka nje. Bado si kama zamani. Na Jumapili iliyopita dada yetu aliketi kiti cha nyuma, karibu na mlango. Sikumtaja jina. Nilihubiri tu.

Mpendwa, nani nyumbani mwako amepauka, nawe umeshamwita mfu? Usimtupe. Usimhamishe tena. Punguza mwanga, peleka chakula, kaa naye.

Na kama ni wewe uliyepauka leo, Mungu hajakutupa. Pumzika.

Baba, utufundishe upole wako na subira yako. Katika jina la Yesu. Amina.

Mchungaji wako akupendaye.