Babu wa mkiani

Wadau, niliadimika humu wiki mbili hizi. Msidhani ni test, wala sikuishiwa vocha. Tulikuwa na msiba. Babu yetu wa safari ya baiskeli, yule fundi wa Changanyikeni, hatunaye tena. Tulimzika Jumatatu alasiri, na makaburini nadhani nusu ya watu walikuwa wanafunzi wa hapa Mlimani au waliowahi kusoma hapa.

Kwa wasioijua safari yenyewe: kila mwaka tunaendesha kutoka Mlimani mpaka Bagamoyo, kilometa kama 60, na kila mmoja anatafuta watu wa kumuahidi hela kwa kila kilometa atakayomaliza. Hela zinanunua madawati ya shule za msingi. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 watoto wamejaa madarasani, waulizeni waliokwenda TP wakakuta darasa zima limekaa sakafuni.

Babu hakuwa kwenye kamati na sijawahi kumwona akishika kipaza sauti. Yeye alikuwa wa mkiani. Phoenix yake nyeusi ilitoka ya mwisho na kufika ya mwisho, nyuma kwenye keria kafunga kopo la maziwa ya unga lenye spana, msasa, gundi na vipande vya tyubu kuukuu. Malipo yake ilikuwa soda moja, na hiyo nayo ilibidi tumlazimishe.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata pancha nikiwa nimeshavuka mto Mpiji. Mnaijua barabara ile. Ukishapita Tegeta zile njia nne zinaisha, halafu lori linakupita karibu na kiwiko mpaka unaisahau dini yako. Wenzangu walishapotea mbele, jua la saa nne linawaka. Kidogo tu, Babu huyo. Hakuniuliza kitu.

"Mwalimu, shika tairi."

(Watu wote wa Education alituita mwalimu, hata wale wa mwaka wa kwanza wasiojua kushika chaki.)

Maji hatukuwa nayo, kwa hiyo alijaza tyubu upepo akaipitisha taratibu karibu na midomo yake mpaka akausikia upepo unapotokea. Akapiga msasa, akapaka gundi, akaiacha. Hapo ndipo wengi tunaharibu, tunabandika kiraka gundi ikiwa bado mbichi. Wakati inakauka akapitisha vidole ndani ya tairi, akachomoa kiwaya chembamba cha chuma, vile vinavyobaki barabarani matairi ya malori yakipasuka. Tungeziba tu na kuondoka, ningetoboka tena hata Mapinga sijafika. Kutoka pale mpaka Bagamoyo hakunipita hata mara moja, na niliendesha kama konokono.

Sasa kinachonikera ni hiki. Kamati ya mwaka huu wameamua mambo mawili: fulana zenye sura ya Babu, na Canter ya kuzoa wanaobaki nyuma. Fulana sawa, nitavaa. Canter kwa mgonjwa au aliyezidiwa na jua, sawa pia, sina ubishi. Ila wanataka ukibaki nyuma kidogo tu upakiwe, ili msafara uwahi kufika. Jamani! Ukipakiwa Kerege, kilometa zako zimeishia Kerege na ahadi zako zimeishia hapo hapo. Na wanaobaki nyuma tunawajua: mama wa kantini, watoto wa sekondari walioazima baiskeli za kaka zao. Hao Babu aliwafikisha kwa matairi yao wenyewe, hata kama ni saa kumi jioni na wa mbele wameshakula wakalala.

Bibi, mjane wake, alitupa lile kopo siku ya tatu ya msiba. Alituambia tu lisikae bure. Hivi sasa liko Mabibo chini ya kitanda changu, chumba kizima kinanuka gundi na rumeti analalamika.

Tuko watatu tumeshakubaliana kupokezana mkia mwaka huu. Kijana aliyekuwa anajifunza ufundi kwa Babu bado yupo pale pale kijiweni, na amekubali kutufundisha Jumamosi hii saa tatu asubuhi. Anayetaka aje, na tyubu yake mbovu.