Korongo la Goûter

Mlima Mont Blanc, huko Ufaransa, wapita meta 4,800 kwa urefu. Wanaoupanda kwa njia ya Goûter hawana budi kuvuka korongo moja la mteremko mkali, ambamo mawe huporomoka kutoka juu. Baridi ya usiku hugandisha barafu, nayo huyashika mawe kama saruji. Jua likipasha, barafu huyeyuka na kuyaachia. Wengi wamefia pale. Basi wenye busara huvuka mapema, kofia ngumu kichwani: husimama kwanza, husikiliza, kisha hupita mbio pasipo kukawia. Na aliyechelewa afanyeje? Arudi. Kilele hakihami, lakini baba akipotea, watoto wake hawampati tena.