Dawa ya Bibi Nayo Ipimwe

Ukitoka viwanja vya Mnazi Mmoja na kushika njia ya Kariakoo, hukosi kukutana na muuza dawa za asili. Miongoni mwa bidhaa zake imo chupa ndogo ya mafuta ya karafuu. Wengi wetu tumekua tukiijua: jino la mtoto likiuma usiku, bibi huchovya pamba, akaibana penye jino, maumivu yakatulia. Nami nililelewa hivyo.

Lakini dawa haithibitishwi kwa mazoea. Huthibitishwa kwa kipimo. Hapa mjini, Muhimbili ilianzisha kitengo cha kuchunguza dawa za asili mwaka 1974. Yafaa basi sisi wananchi tujue uchunguzi wa namna hiyo hufanywaje. Wataalamu huwagawa panya mafungu matatu: la kwanza hupewa mafuta yanayochunguzwa, la pili dawa iliyokwisha kujulikana, la tatu halipewi dawa. Kisha kila panya hudungwa unyayoni karajinani, ute utokanao na mwani kama ule ulimwao Zanzibar, na unyayo huvimba. Uvimbe hupimwa saa baada ya saa. Ukiwa mdogo katika fungu la kwanza kuliko la tatu, ndipo husemwa kwamba mafuta yana nguvu.

Nguvu ya karafuu imo katika yujenoli, ambayo hutia ganzi na kupunguza uvimbe. Panya si binadamu, lakini watu nao wamepimwa. Mwaka 2006 watafiti wa Kuwait walitangaza matokeo ya jaribio la watu wazima 73: karafuu ya kupaka mdomoni ilipunguza maumivu ya sindano, wala haikuonekana kupitwa na dawa ya ganzi ya madaktari wa meno.

Bibi, basi, hakukosea. Lakini alipaka, hakunywesha. Kijiko kimoja au viwili vya chai vya mafuta haya, vikimezwa na mtoto mdogo, vyaweza kuharibu ini lake na kumpotezea fahamu. Tena ganzi si uponyaji: maumivu hunyamaza, jino likaendelea kuoza. Uso ukivimba au homa ikipanda, mpelekeni mtoto hospitali usiku huo huo.

Na chupa iwekwe juu, mahali mkono wake usipofika.