Siku Sitini

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Mji wetu hapa Minnesota unataka kuongeza kamera za kusoma nambari za magari. Kila gari linalopita hupigwa picha, mashine ikasoma nambari na kuilinganisha na orodha ya magari yaliyoibwa na ya watu wanaotafutwa. Hapo sina neno. Kinachonikosesha usingizi ni magari yasiyo kwenye orodha yoyote, maana nayo huandikwa: mahali, tarehe, saa. Mkaguzi wa serikali ya California alipochunguza polisi wa Los Angeles mwaka 2020, alikuta picha zaidi ya milioni 320. Asilimia 99.9 zilikuwa za magari ambayo hayakuwa yakitafutwa.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimesoma sheria ya jimbo letu, ya mwaka 2015. Si mbaya. Rekodi isiyohusu uchunguzi wa jinai lazima ifutwe ndani ya siku 60, na kila baada ya miaka miwili hufanyika ukaguzi huru. Haikuja bure. Mwaka 2012 rekodi za Minneapolis zilikuwa wazi kwa yeyote aliyeziomba, na gazeti la Star Tribune likachapisha mahali magari ya meya R. T. Rybak yalipoonekana, mara 41 katika mwaka mmoja.

Lakini siku 60! Usiku naenda kwa wazee ninaowahudumia, Jumapili kanisani, mara kliniki, mara kwa wakili wa mambo ya uhamiaji. Atakayezipanga safari hizo kwa tarehe atanijua kuliko ndugu zangu walioko Kisii.

Jumanne, 14 Oktoba
Na sheria ya jimbo huishia mpakani. Mwezi Mei mwaka huu ofisi moja ya sherifu huko Texas ilimtafuta mwanamke kupitia kamera zaidi ya 83,000 nchi nzima, na sababu iliyoandikwa kwenye kumbukumbu ni kwamba alitoa mimba. Kamera za majimbo ya Illinois na Washington, ambako si kosa, zilipekuliwa pia. Sherifu alisema familia ilihofia uhai wake. Huenda. Ila Illinois ilikwisha kupiga marufuku kutumia kamera zake kwa jambo hilo, na bado zilipekuliwa. Ndiyo maana siridhiki na kanuni za nani aruhusiwe kutazama. Nataka kuwe na kidogo sana cha kutazamwa.

Jumapili, 19 Oktoba
Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa, aliyewahi kuibiwa gari, aliniita kando. "Binti yangu, kama huna hatia unaogopa nini?"

Nikamsimulia ya Aurora, Colorado, Agosti 2020. Polisi walimsimamisha mama aliyekuwa na wasichana wadogo ndani ya gari, wakawalaza watoto kifudifudi kwenye lami, wengine kwa pingu. Nambari yake ilifanana na ya pikipiki iliyoibwa Montana. Jimbo jingine, chombo kingine, na askari hawakuhakikisha. "Yule mama alikuwa na hatia gani, mzee wangu?"

Akanyamaza kidogo. Nikamweleza kuhusu New Hampshire, ambako nambari isiyotafutwa lazima ifutwe ndani ya dakika 3. Gari lake lingeweza kukamatwa hata huko, kwa sababu likishaingia kwenye orodha mashine hutoa taarifa papo hapo.

"Na nikigundua wizi kesho yake asubuhi?"

Ni swali la haki, na sikumzungusha. Kwa dakika 3, njia ya mwizi usiku ule haitajulikana. Hiyo ni hasara ya kweli, naye ndiye angeibeba. Hata hivyo naona ni afadhali kuliko kuandika safari za mji mzima tukimsubiri mwizi mmoja.

Jumatatu, 20 Oktoba
Nimemaliza barua ya baraza la mji. Naomba rekodi zisizo na kesi zifutwe siku hiyohiyo. Askari athibitishe nambari, jimbo na aina ya gari kabla ya kumsimamisha mtu. Polisi wa nje ya jimbo wasifunguliwe rekodi bila amri ya hakimu. Na kila upekuzi uandikwe sababu yake, muhtasari utangazwe kila mwezi.

Mzee amepiga simu jioni. Atakuja kwenye kikao cha baraza kesho. Kuhusu askari kuthibitisha na amri ya hakimu ataniunga mkono, lakini kwenye muda wa kufuta atasimama kuomba wiki moja.