Pumzi ya Mtumba

Sisi tuliovishwa na soko la Kongowea tunajua kununua mtumba. Unavuta mshono, unainua shati kuelekea jua kutafuta tundu, unakagua kwapa, kisha unataja nusu ya bei uliyotajiwa. Likiharibika baada ya wiki, umepata tambara la kupigia deki.

Vifaa vya kuzamia ni mtumba wa aina nyingine. Mdogo wangu alipopata nafasi ya kujifunza kuongoza wazamiaji Diani, alitakiwa awe na vifaa vyake. Vipya vilikuwa nje ya uwezo wetu. Mkufunzi mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya alikuwa akiuza vyake: regulata, jaketi la kuelea na mtungi wa hewa. Mdogo wangu akaniomba tuandamane, kwa kuwa mimi nimezamia miaka sita.

Njiani nilimwambia jambo moja: hapa hununui chuma na mpira, unanunua tabia ya mtu. Kama alikuwa akiisuuza regulata kwa maji matamu kila jioni, utaona. Kama alikuwa akiitupa kwenye buti la gari na chumvi yake, utaona pia, ukijua pa kuangalia.

Regulata ndiyo inayoipunguza nguvu hewa ya mtungi hadi iweze kuvutwa. Tulianza pale inapofungwa kwenye mtungi, penye kichujio kidogo. Ukijani hapo ni ishara kwamba maji ya bahari yameingia. Wekundu ni kutu iliyotoka kwenye mtungi wa chuma. Hiki kilikuwa kisafi. Tukakiziba kwa kifuniko chake, mdogo wangu akavuta pumzi kwenye kipande cha mdomoni. Hewa ikipenya, kuna tundu mahali. Haikupenya. Tukakunja mipira ya hewa karibu na viungo, ambako nyufa hupenda kuanzia, tukakuta mmoja umechanika. Jaketi tukalijaza upepo, tukaliacha mezani tukinywa chai. Baada ya saa moja lilikuwa bado limevimba.

Muuzaji hakuona vibaya. Alituletea risiti za fundi, ya mwisho ikiwa ya miaka mitatu nyuma. Watengenezaji wengi hutaka regulata ifunguliwe na oringi zibadilishwe kila mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo tukakata gharama ya fundi na ya mpira mpya kwenye bei. Akakubali.

Ukabaki mtungi. Huo, akasema, tuchukue bure.

Mdogo wangu alishaukumbatia. Nikamwomba aulaze tusome mihuri iliyogongwa begani. Ulikuwa wa alumini, umetengenezwa Marekani mwaka 1985. Kanuni za huko zinataka mtungi upimwe kwa shinikizo la maji kila baada ya miaka 5. Muhuri wa mwisho ulikuwa wa 2009. Tena katika miaka hiyo baadhi ya mitungi ilitengenezwa kwa aloi iitwayo 6351, ambayo imejulikana kufanya nyufa shingoni. Muuzaji naye alikuwa ameupata kwa mtu mwingine, hakuwahi kuusoma.

"Si tuupeleke tu ukapimwe?" mdogo wangu akauliza. "Wa bure huu, kaka."

Mtungi wa kawaida wa alumini hujazwa hadi bar 207, karibu mara 90 ya upepo wa tairi la gari. Ukipasuka, mara nyingi hupasuka ukijazwa, na anayesimama kando ya kompresa wakati huo ni kijana kama yeye, anayelipwa kwa siku, ambaye hakuchagua mtungi ule. Nilimwambia hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akaushusha chini mwenyewe. Mitungi angeipata kituoni. Tukamwomba mwenyewe autoe hewa yote, aondoe vali na kuutoboa, usije ukaokotwa na mtu.

Siku hizi mdogo wangu ana daftari. Anaandika tarehe ya kila mbizi, kila ziara ya fundi, na kila oringi iliyobadilishwa, na risiti anazibana kwa pini ukurasa wa nyuma. Wenzake humcheka kuwa ni karani wa bahari. Yeye huwajibu kwamba siku moja atauza vifaa hivyo, na atakayevinunua huenda asiwe na kaka wa kumsindikiza.